Mkono wa Kulia

Kazi yangu feni na pangaboi, kibanda cha mabati
nyuma ya Mwembe Tayari. Watu huniletea joto lao
ndani ya mfuko wa gunia:
mota iliyoungua, kapasita, waya uliotafunwa na panya.
Natia testa. Ikiwaka, najua stima yafika.
Isipowaka, naufuata waya kwa kidole
hadi pale ulipofia.

Mwanatumu alizaliwa Makadara, alfajiri ya Jumanne,
kilo nne na gramu mia nane.
Kichwa kilitoka. Bega likakataa.
Nesi alivuta.

Siku ya tatu, mamake akimwogesha, ndipo tulipouona.
Wa kushoto wapigana na maji.
Wa kulia umelala ubavuni, umenyooka,
kiganja kimegeukia nyuma
kama cha karani apokeaye hongo bila kumtazama mtu.

Mama mkwe alisema ni jicho.
Jirani akasema alilala vibaya tumboni,
mpakeni mafuta ya mbarika.
Shangazi Mwanahamisi hakutoa dawa, aliuliza tu:
"Sasa huyu chakula atalia mkono gani?"
Na lugha yetu, wallahi, haina huruma.
Kulia ni upande,
kulia ni kula nao,
kulia ni hivi afanyavyo mke wangu
akidhani nimelala.

Daktari alichora juu ya bahasha ya eksirei:
mishipa mitano ya fahamu yatoka shingoni,
yasukana begani kama ukili,
kisha yaachana, kila mmoja na safari yake mkononi.
"Haikukatika," alisema. "Imevutika." Akafunika kalamu.
"Labda."
Mimi nijuaye waya uwezavyo kuwa mzima kwa nje,
plastiki yang'aa, na shaba ndani imeachana.
Wangu huupasua nikatazama.

Nilirudi wodini kumtafuta yule nesi.
Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu Buxton.
Tima akanishika shati.
"Usimguse. Wewe ulikuwa nje na simu yako.
Mtoto alikuwa anageuka buluu.
Dakika nne, Hamadi.
Angeuhurumia mkono, ungechimba."
Nikatoka. Maneno bado ninayo;
sijaona pa kuyaweka.

Bi Kadzo wa mazoezi, chumba kile chenye mipira na vioo,
alinishikisha: kiwiko, usishike kiganja.
Inua hadi sikioni, polepole,
kama mtu afunguaye dirisha bovu la kupanga.
Zungusha nje. Mara kumi.
Kila akibadilishwa nepi.
Na nguo: mkono mgonjwa huingia kwanza, hutoka mwisho.
"Kama mgeni," nikasema.
Akacheka. "Ehe. Kama mgeni."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga.
Hawakusema miezi mingapi.
Wa tatu ulipita, kiwiko hakikukunjika. Wa nne pia.
Wakatupa barua ya Nairobi, kwa wapasuaji.
Iko ndani ya msahafu, kwa sasa,
pamoja na risiti ya kitanda.

Jana stima ilipotea mtaa mzima.
Pangaboi letu likazunguka kwa deni, likasimama.
Mwanatumu akaamka kwa joto, akalia,
na mie gizani nikaanza: moja, mbili,
na kwenye ya saba, chini ya kidole changu,
ndani ya mkono ule, kitu kikashtuka.
Kidogo.
Kama testa inayotafuta, haijaamua.
Huenda yalikuwa mapigo ya kidole changu mwenyewe.

Sikumwambia Tima.
Nilimaliza kumi. Jasho limemlowesha,
nikapapasa kamba, nikapata gauni kavu,
nikamvisha kwa kupapasa,
wa kulia kwanza.